Hema Si Nyumba

Siku Mzee Ogola aliposimamisha hema mbele ya nyumba yake hapa Otonglo, pembeni mwa Kisumu, majirani walidhani kuna msiba. Kwetu hema likionekana uani, watu hawaulizi mara mbili. Akinyi wa kibanda cha mboga aliacha sukuma wiki yake juu ya ubao, akajifunga leso kiunoni, akaja akiwa ameshatengeneza uso wa kulia. Alimkuta Mzee amepiga magoti, mdomo umejaa vigingi.

"Nani ametuacha, Mzee?" aliuliza.

Ogola akatoa vigingi mdomoni kimoja kimoja. "Hakuna mtu amekufa, Mama. Napima kama mke ya mtoto yangu Calvince anaweza kusimama ndani bila kuinama."

Akinyi alirudi kwa mboga zake amekasirika kidogo, maana machozi yalikuwa yameshafika na hakujua ayapeleke wapi. Kufikia jioni Otonglo nzima ilikuwa imeamua kwamba upweke umempanda mzee kichwani. Watu wetu ni wepesi wa kuamua. Wakiona kitu hawakijui, wanasema ni cha wazungu, na wakimwona Mjaluo anakifanya, wanasema amerukwa na akili.

Mimi ni jirani yake, ukuta wangu unapakana na wake. Naitwa Frankline, na kazi yangu ni boti la injini pale Usoma, ufuoni mwa Ziwa Victoria. Nabeba wanaotaka kuona viboko, na nabeba wanaotaka kwenda kisiwa cha Ndere, ambacho chote ni mbuga ya wanyama. Nasema haya mapema usije ukaniuliza niliyajuaje. Mengi niliyaona mwenyewe, na yale makubwa niliyasikia nikiwa nimeinama ndani ya boti nikitoa maji, mahali ambapo mtu husahaulika kwa urahisi.

Ogola alikuwa mpishi wa kambi. Miaka yote ya ujana na utu uzima wake aliimaliza nyuma ya lori la mahema na masufuria, akiwatangulia wageni Mara, Samburu, Turkana, kote ambako watu hulipa ili walale porini. Alijua kuoka mkate ndani ya sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, ukatoka laini kuliko huu wa dukani. Akitazama nyasi alijua maji ya mvua yatapita wapi usiku. Akiona kinyesi cha kiboko alijua ni njia ya kila siku au mnyama alipotea tu. Kwa kazi hiyo alijenga nyumba hapa Otonglo, akasomesha mtoto wake mmoja, na nyumbani akawa anakuja akipata likizo, na likizo zilikuwa chache.

Mke wake, Caren, ndiye aliyekaa na mtoto. Mwaka ule ule Ogola alipostaafu, Caren aliugua na akafa kabla hawajamaliza hata msimu mmoja pamoja. Mzee alikuwa amepanga uzee wa watu wawili. Alikuwa amenunua hata viti viwili vya kukaa barazani, na kile kingine sasa anawekea redio.

Alikuwa mpweke. Najua watu hupenda kusema mzee fulani "anapenda kukaa kimya", lakini huyu hakupenda. Alikuwa mpweke na ilimuuma. Na kwa vile maisha yake yote alipikia kundi, hakujua kupika chakula cha mtu mmoja. Kila jioni alikuja kwetu na bakuli lililofunikwa kwa sahani, akisema kimebaki kidogo, na hicho kidogo kilitushibisha mimi, mke wangu na mbwa. Halafu alikaa. Alikaa mpaka mke wangu akaanza kufagia karibu na miguu yake, na hata hapo aliinua miguu tu.

Mtoto wake Calvince anafanya kazi Nakuru, ofisi ya bima. Ameoa Sylvia Nabututu, msichana wa Kimilili, Mbukusu mwenye adabu zake zote, na wana binti mmoja, Atieno. Walikuwa wakija kumwona mzee mara kwa mara. Walifika mchana, wakala, wakasifu chakula, wakaongea habari za mvua na barabara. Ikifika saa kumi, Calvince alitazama simu yake. Halafu walienda kulala hoteli mjini, na kesho yake wakarudi Nakuru.

Sababu ilijulikana na kila mtu. Kwetu Wajaluo mwana akishaoa halali na mke wake chini ya paa la baba yake. Hilo halina mjadala. Ndiyo maana kijijini kila kijana hujenga nyumba yake ndani ya boma la baba, na Wabukusu nao wana heshima kama hiyo kati ya mke na baba wa mume, tena labda yao ni kali kuliko yetu. Lakini kijijini kwao Katito, Calvince alikuwa hajajenga. Kila mwaka alisema atajenga. Na hapa Otonglo nyumba ni moja, paa ni moja.

"Baba, si unajua mila," alikuwa akisema mlangoni.

"Najua, mwanangu. Endeni salama."

Gari likishaondoka, Mzee alikuja kwetu bila hata bakuli. "Umeona kijana yangu?" aliniambia. "Anashika mila. Siku hizi ni wangapi wanashika? Wengine wanalala tu popote na bibi zao." Nilimwambia ni kweli. Alikuwa akisema hivyo kwa fahari kabisa, na macho yake yako kwenye barabara ambayo gari limepita.

Basi siku moja nilimwambia, katika kuongea tu, kwamba nimepeleka familia fulani Ndere na wamelala huko kwenye mahema, baba, mama, babu, watoto, wote. Ogola aliweka kikombe chini.

"Wamelala na babu yao?"

"Kila mtu na hema yake, Mzee."

"Hema ni nyumba?" aliniuliza.

"Mimi naona ni nguo tu," nikasema.

Akaanza kucheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tumzike Caren. Alicheka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuona kuna nini. Maisha yake yote alikuwa amesimamishia watu nguo hizo, akawatandikia vitanda, na haikuwahi kumjia kwamba huenda ndizo zitakazomlaza mwanawe karibu naye.

Tangu siku hiyo alikuwa mtu mwingine. Aliamka mapema, akatoa mahema mawili aliyopewa na rafiki yake wa kazini, akayaosha, akayaziba matundu kwa gundi na uzi. Alijaribu unga, alijaribu makaa, alioka mikate mpaka mbwa akaikataa. Alizungumza habari za Ndere asubuhi na jioni: tutakaa wapi, upepo unatoka wapi, Atieno ataoga wapi bila kuogopa mamba. Hata Akinyi alimsamehe, akawa anamtania kwamba mwaka huu tutapelekwa fungate na babu.

Lakini kwanza alitaka hukumu. Hakutaka mwanawe aje kuambiwa amevunja mila kwa sababu ya baba mwenye hamu. Kwa hiyo tukaenda Katito kwa binamu yake mkubwa, Oketch, anayeuza mbao karibu na pale barabara ya Kendu Bay inapochepuka. Oketch ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki, na anajua hivyo. Alitusikiliza akiwa amekalia rundo la mbao za msonobari, kalamu ya seremala sikioni.

"Hiyo hema iko na mlango?" akauliza.

"Iko na zipu," akasema Ogola.

"Zipu ni mlango. Iko na nguzo?"

"Vijiti vya kukunja."

"Mtu anaweza kukunja nguzo?" Oketch alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyeleta uhuni huo. "Na mafiga? Mwanamke atapika ndani?"

"Hapana. Moto iko nje, ya wote. Napika mimi."

"Wewe ndiye utapikia bibi ya mtoto wako?"

"Mimi ni mpishi, Oketch. Nifanye nini sasa?"

Oketch alifikiri kwa muda mrefu. Mteja alikuja kuuliza mbao za kitanda akaambiwa angoje. Mwishowe akasema kwamba kitu kisicho na nguzo ya kudumu wala mafiga si nyumba. Na hata kikiwa nyumba, mradi ni mahema mawili, mlango wa moja hautazami mlango wa lingine, na katikati kuna nafasi ya ng'ombe kupita, basi ni sawa na baba na mwana kuwa kila mmoja kwake. Akaongeza kwamba yeye mwenyewe hawezi kulala kwenye nguo, lakini hilo lilikuwa lake.

Ogola alinyanyuka akamshika mkono kwa mikono miwili. Tukashika njia ya kurudi Kisumu. Tulipofika Ahero ndipo nikaona anapangusa macho kwa kofia.

Wiki ile ile tukaenda kisiwani kutafuta mahali. Gugu maji lilikuwa limefunga Usoma yote, ikabidi tusukume boti kwa mti mpaka maji meupe ndipo nikawasha injini. Ndere tulitembezwa na askari wa mbuga, mtu mpole anayeitwa Wakhisi, lakini baada ya muda mfupi ni Ogola aliyekuwa mbele. Alikataa sehemu ya kwanza kwa sababu viboko hupita hapo wakienda kula nyasi. Alikataa ya pili kwa sababu ya mbung'o. Alikataa ya tatu, nzuri kabisa, yenye kivuli, akasema tawi lile litaanguka siku moja na halitakuwa juu ya mjukuu wake. Mwishowe alipata mahali penye miinuko miwili midogo, katikati kuna bonde la kina cha magoti. Akasimama kwenye mmoja akanituma kwenye mwingine.

"Kohoa," akaniambia.

"Nini?"

"Kohoa, omera, ndugu yangu. Vile mtu anakohoa usingizini."

Nikakohoa. Wakhisi alinitazama kwa huruma.

"Nimesikia," Ogola akasema. "Sasa lala hapo ugeuke."

Nikalala kwenye nyasi, nikageuka, swala wakinitazama. Alisikia na hilo. Alikuja akakaa karibu yangu, akaniambia kwamba tangu Calvince azaliwe, usiku ambao wamelala mahali pamoja ukijumlishwa hautoshi hata likizo moja ya shule. Hajui kama mwanawe hukoroma. Hajui kama huota akaongea. "Nataka usiku mmoja tu nisikie mtoto yangu akilala," akasema. "Nikishasikia, hata mkinizika ni sawa." Nilimwambia aache maneno ya kuzikwa, na tukarudi.

Kumpata Calvince ndiyo ilikuwa kazi. Mzee alimpigia akamweleza yote isipokuwa hukumu ya Oketch. Hiyo alitaka kumwambia uso kwa uso, imshangaze. Calvince akasema, "Sawa Baba, tutaona." Alimtumia picha za mahema, akajibiwa kwa kidole gumba. Alimtumia picha ya mkate, kidole gumba. Tarehe ya kwanza kukawa na kazi ofisini. Ya pili, gari likawa bovu. Mimi nilianza kushuku, lakini nani angemwambia mtu aliyekuwa akizunguka uani akipiga mluzi? Mwishowe ni Sylvia aliyepiga simu mwenyewe. Alisema Agosti shule zikifungwa watakuja, Calvince ameshaomba likizo, na Atieno amekataa kuvua viatu vyake vya kupandia milima hata akilala.

Walikuja Jumamosi. Sylvia alimsalimu baba mkwe kwa mbali, ameinama kidogo, bila kumpa mkono, kama ilivyo kwao. Alikuwa amebeba blanketi kubwa la maua, amelifunga kwa kamba. Nililiona hilo blanketi na nikafurahi, nikasema moyoni kumbe mimi ndiye mwenye roho mbaya. Calvince alikuwa na mkoba mdogo wa mgongoni, wa kompyuta.

Ziwa lilikuwa limetulia na gugu lilikuwa limesogea upande wa Kendu. Kisiwani Ogola alikuwa ametangulia kusimamisha kila kitu siku iliyopita, Wakhisi akalinda. Sijawahi kuona kambi kama ile na nimepeleka watu wengi. Mahema mawili, kila moja kwenye mwinuko wake, milango imepeana mgongo. Maji ya kunawa kwenye karai chini ya kitambaa. Moto uliochimbiwa shimo ili upepo usiutawanye. Alitupikia kuku, samaki, ugali, na ule mkate, akauvunja mbele yetu mvuke ukatoka. Atieno alikula vipande mpaka mama yake akamwondolea sahani. Sylvia alisema, bila kumtazama mzee usoni, kwamba hajawahi kula mkate wa aina hiyo. Calvince naye alisema ni mtamu. Alikuwa mwenye adabu sana, anabeba vitu, anashukuru, anauliza habari za Wakhisi na za swala. Sijui kwa nini adabu ile ilinitia baridi.

Baada ya chakula Wakhisi akawachukua Sylvia na mtoto kuwaonyesha pundamilia upande wa pili. Mimi nikashuka botini kutoa maji yaliyoingia. Calvince alinifuata mpaka ukingoni.

"Frank, tunatoka saa ngapi?"

"Natoka mimi," nikasema. "Nyinyi nitawachukua kesho."

Alitabasamu kidogo, akageuka. Baba yake alikuwa amekuja nyuma yake akiwa na kitambaa cha mkate mkononi.

"Baba, si unajua mila," akasema Calvince.

Loo, mzee alivyokuwa ameingojea hiyo sentensi. Uso wote ulimfunguka. Alimshika mwanawe bega, akamwonyesha mahema, akamweleza safari ya Katito, zipu na nguzo na mafiga, ng'ombe wa kupita katikati, mpaka Oketch alivyosema yeye hawezi kulala kwenye nguo. Alicheka mwenyewe katikati. "Kwa hivyo hakuna mila tunavunja," akamaliza. "Wewe kwako, mimi kwangu. Nimeuliza vizuri."

Calvince hakucheka. Mimi nikaendelea kuteka kwa kopo, polepole, maana kuondoka ningeondokea wapi?

"Baba," akasema, "si mila."

"Nini si mila?"

"Hiyo kitu ya kulala. Si mila. Mimi nilikuwa nashukuru tu mila iko." Sauti yake ilikuwa ya chini, haikuwa na hasira. "Tukilala hapa, tutaongea nini? Tukimaliza mvua, tukimaliza barabara? Mimi nakujua kwa kuja na kuondoka tu. Saa kumi ikifika, mwili yangu yenyewe inataka kwenda. Sijui kukaa na wewe, Baba. Najaribu lakini sijui."

"Utajua," Ogola akasema haraka. "Mtu anajua kwa kukaa."

"Unakumbuka ile stori ulituletea kutoka Samburu? Ya mtoto ya wageni aliogopa fisi, ukakaa na kiti nje ya hema yake mpaka asubuhi? Ulituambia ukicheka. Mama pia alicheka. Mimi nilikuwa darasa ya pili. Nilikuwa naogopa giza vibaya. Kila siku nilikuwa nafikiria huyo mtoto."

Mzee alikuwa akikunja kile kitambaa, akikikunjua, akikikunja tena.

"Ilikuwa kazi," akasema.

"Najua ilikuwa kazi. Nimesoma na hiyo kazi. Sikulaumu, Baba. Lakini nikilala hapo nikisikia uko hapo, nitakuwa huyo mtoto tena, na sitaki. Sitaki bibi yangu anione hivyo."

Nilitaka nipige injini nizame nayo. Nimesikia wanaume wakitukanana kwenye boti langu, nimesikia mtu na mke wake wakiachana katikati ya ziwa, lakini sijasikia jambo zito kama lile lililosemwa kwa heshima.

Ogola hakujitetea tena. Aliuliza kitu kimoja tu. "Mama yako alikuwa anafanya nini? Ukiogopa?"

"Alikuwa anakuja kulala na mimi."

"Vizuri," akasema mzee. "Alifanya vizuri."

Hapo tukasikia Atieno akija mbio, viatu vyake vikigonga mawe, na Sylvia nyuma yake akimkemea huku anacheka. Calvince alijipangusa uso kwa mkono wa shati.

"Sasa nitamwambia nini Sylvia? Amekuja na blanketi. Ananiambia kila siku nikae na wewe, hajui ni kwa nini sitaki. Nimemwambia ni mila tu."

"Wacha," Ogola akasema. "Nitasema mimi."

Akapanda hadi karibu na moto, akasimama pale ambapo wote tungemsikia, mimi na Wakhisi pia. Alijinyoosha akawa mrefu. Sauti aliyotumia sijawahi kuisikia kwake. Ni sauti ya wazee wa barazani, na yeye hakuwa mtu wa kukaa baraza.

"Mama Atieno," akasema, "nimewasumbua. Nimekaa hapa nikafikiria tena. Hema iko na paa, na iko na mlango. Ni nyumba. Mimi siwezi kuvunja mila kwa sababu ya kupenda kisiwa. Mtarudi na Frank sasa, kabla upepo haijakuwa mbaya."

Sylvia alisimama na mkono wake juu ya blanketi. "Lakini Baba, si Mzee Oketch alisema ni sawa? Wakhisi ametuambia."

"Oketch anauza mbao," Ogola akajibu. "Hema anajua nini?"

Sylvia ni mkwe, na baba wa mume hajibizwi. Aliinamisha kichwa. Nilimwona akimeza maneno, na maneno yenyewe yalikuwa ya kubaki; alitaka kubaki, na mtoto alikuwa ameshaanza kulia. Alichukua blanketi lake. Halafu akamgeukia mume wake, akamwambia kwa sauti ndogo lakini yenye makali, "Wewe ungemwambia Baba mapema. Amehangaika hivi yote, na wewe unajua mila."

Calvince alifungua mdomo. Baba yake akamtangulia.

"Usimlaumu," akasema. "Aliniambia. Ni mimi sikusikia."

Walipanda boti. Nilimnong'oneza Mzee kwamba nikishawafikisha nitarudi nikae naye, hata kama maji yatachafuka. Alikataa kwa kichwa. Akamfungia Atieno mkate uliobaki, akanisaidia kusukuma, maji yakamfika kwenye mapaja, na akabaki amesimama mle majini. Injini iliposhika, sikuthubutu kutazama nyuma. Calvince alitazama, kwa muda mrefu, lakini hakuinua mkono. Njia nzima Sylvia alimpakata mtoto na hakusema jambo.

Asubuhi nilipofika, Mzee alikuwa ameshazima moto na kufukia shimo. Hema lake alikuwa amelikunja. Lile la Calvince lilikuwa bado limesimama, zipu imefungwa mpaka chini. Alinisalimu kama siku yoyote, akaniuliza kama walifika salama, nikasema walifika. Akaniuliza ziwa lilikuwaje, nikamwambia. Kisha akaenda kwenye lile hema, akapiga goti karibu na kigingi cha kwanza, mgongo wake ukiwa kwangu.

"Mke yake alisema nini tena kwa njia?"

"Hakusema kitu, Mzee."

"Hakumlaumu kijana?"

"Hapana."

Aling'oa kigingi, akakipangusa udongo kwa kidole.

"Basi ni sawa," akasema. "Shika upande huo, tukunje."